Kwale Mbili, Kaburi Moja

Alitoa shikamoo moja, zikarudi marahaba mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya Bimkubwa, mwenye nyumba, aliyeketi juu ya kitanda cha kamba amejitanda shuka nyeupe mpaka kwenye nyusi. Ya pili ilitoka nyuma ya pazia lililogawa chumba. Ilikuwa nzito, ya chini, nayo ilikatika kabla haijaisha, kama mtu aliyefumbua kinywa kisha akakumbuka kwamba kinywa hicho si chake tena.

Mbodze alibaki kizingitini, ndara zake mkononi. Malaika ya mikono yakamsimama. Alimtazama Bimkubwa, Bimkubwa naye akamtazama.

"Ingia, mwanangu," Bimkubwa akasema hatimaye. "Na urudishe mlango. Kuna wanaume barazani."

Mbodze akaingia. Angefanya nini? Alikuwa ametumwa na serikali.

Watu wa pwani humwita kizuka mwanamke aliyefiwa na mumewe akawa amekaa eda. Miezi minne na siku kumi hatoki, hajipaki wanja, hajitii manukato, wala haonwi na mwanamume asiye maharimu wake. Mlango wa chumba chake hauhitaji kitasa. Hata mwizi huuruka akaenda nyumba ya pili. Na Bimkubwa alikuwa kizuka tangu siku za mwanzo za Mfungo Mosi, mwezi wa Idi, mumewe Mwinyihaji alipookotwa amekufa kwenye mikoko ya Kwale.

Si Kwale hii. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Kwale hii ni mji wa juu, wenye Boma na ukungu wa asubuhi, na msitu wa Shimba unaoanzia nyuma ya vyoo vya watu. Kwale ile nyingine iko Tanganyika, kijiji cha pwani, ukishavuka mpaka na kabla hujafika Tanga. Telegramu ya polisi wa kule ilisema tu kwamba Mwinyihaji wa Kwale amekutwa amekufa Kwale. Basi askari wa huku wakaingia msituni kutafuta maiti. Walichanwa na miiba, wakafukuzwa na ndovu, na walipokuja kung'amua kwamba Kwale inayosemwa si yao, wenzao wa kule walikuwa wamekwisha kuzika. Maiti ya Mwislamu haicheleweshwi, na ile ilikuwa imelala majini hata kaa wameula uso. Waliitambua kwa koti lake la kaki na kofia yake. Hapakuwa na mtu hata mmoja wa Kwale hii aliyeiona.

Koplo Iddi wa Boma, Mdigo wa Msambweni, mtu wa mizaha hata msibani, aliwaambia wenzake wasijilaumu. Kwale ni ndege, alisema, na ndege hana pasi. Hutaga mayai pande zote mbili za mpaka.

Aliyekamatwa alikuwa Kombe, dereva wa lori la Mwinyihaji, kaka yake Mbodze wa tumbo moja. Ndiye aliyempeleka tajiri wake hadi Lunga Lunga, mpakani, na palepale Lunga Lunga, mbele ya watu waliokuwa wakinywa chai, Mwinyihaji alimzaba kofi kwa kuchelewa, na Kombe akaapa, "Wallahi nitakuua." Alirudi nyumbani peke yake na lori. Alikataa chakula, akaketi uani mpaka kukakucha, wala hakumjibu dada yake swali lolote. Sasa yuko mahabusu, na kesho asubuhi gari lingemteremsha Mombasa akashtakiwe. Kila mtu alijua kesi ya kuua inakomea wapi. Inakomea kwenye kitanzi.

Majirani walipomwuliza Mbodze kama anaamini kaka yake ameua, aliinamisha kichwa. Wakasema, maskini, haya imemshika.

Alikuwa mtu wa haya kweli. Aliacha shule darasa la nne kwa sababu kila aliposimamishwa asome, sauti ilikwama kooni na darasa zima likacheka. Ndiyo maana ilikuwa ajabu kwamba Inspekta Nzai amemchagua yeye. Lakini Inspekta hakuwa na wingi wa kuchagua. Yeye ni Mduruma wa Kinango, mtu mrefu wa sauti ndogo, aliyepewa kiti cha Mzungu Uhuru ulipoingia. Na serikali ile mpya haikuwa na askari mwanamke pale Boma. Wanawake wa mtaani walikataa katakata kumpelekea kizuka maswali ya polisi. Hapo ndipo Bimkubwa mwenyewe alipotuma neno kwamba aje Mbodze, yeye hana kinyongo na dada wa muuaji. Mji mzima ulimsifu kwa moyo huo.

Inspekta alimfundisha Mbodze maswali mpaka akayashika, kisha akamwonya. Amletee maneno kama yalivyo. Akiongeza hata moja kwa ajili ya kaka yake, atalijua.

Basi Mbodze akaketi mkekani, kando ya kitanda, akaanza kuuliza. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi. Kila alipouliza, masikio yake yalibaki kwenye pazia.

Mwinyihaji aliondoka lini? Bimkubwa akajibu kwamba ni siku ya pili ya Idi, baada ya alasiri. Alivaa nini? Koti la kaki, nani asiyelijua. Alikwenda kuonana na nani?

"Na mwenzake, Abdulkadir," Bimkubwa akasema, na jina hilo alilitoa kama mtu anayetema kokwa. "Lori lile ni lao wote wawili. Huyu wa Kwale yetu, yule wa Kwale yao."

Mbodze akauliza Abdulkadir yuko wapi sasa.

"Yuko kwao Kwale, anakula na kulala. Hakuleta hata salamu za msiba."

Wakati Bimkubwa akisema, Mbodze aliinamisha macho kama ilivyo desturi yake, na macho yakaangukia uvunguni. Kitanda kile alikijua. Waombolezaji walikikalia kwa wingi siku ya kwanza ya matanga mpaka kamba zikakatika, na wanawake wa jirani wakakiwamba upya, Mbodze akiwa mmoja wao. Alivuta kamba hata viganja vikamchubuka. Ilikuwa imekazwa kama ngozi ya ngoma. Kizuka mmoja, mwembamba kama Bimkubwa, angebonyeza kamba mahali pamoja. Zilikuwa zimebonyea mahali pawili. Upande wa ukutani bonde lilikuwa la kina zaidi, na lilikuwa refu, la mtu mrefu.

Pazia likavutika ndani kidogo. Likatulia. Likavutika tena, polepole, kama kifua.

Mbodze alisahau swali lililofuata. Kila mtu hujua kwamba aliyeuawa hatulii mpaka damu yake idaiwe. Na kama ni roho ya Mwinyihaji iliyosimama pale, basi ilikuwa na sababu ya kumjibu yeye, kuliko mtu mwingine yeyote aliyepita kwenye mlango ule. Mikono yake akaificha ndani ya leso aliyojitanda.

"Mbodze." Bimkubwa alikuwa ameinama, uso karibu na wake. Alinuka maji matupu, bila udi wala mafuta. "Ulisikia nini ulipoingia?"

"Nilisikia marahaba yako, mama."

"Na nini tena?"

"Sikusikia kitu tena."

Bimkubwa akamshika kidevu, akamwinua uso, akamtazama jicho hili, kisha lile. Mkono wake ulikuwa baridi. "Nyumba ya msiba ina mwangwi," akasema taratibu. "Nilikuchagua wewe kwa sababu neno likiingia kwako halitoki. Usinifanye nijute."

Mbodze aliinuka, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Hakumpa yule mtu wa nyuma ya pazia mgongo wake.

Barazani wazee wa ukoo walikuwa wamejipanga na tasbihi zao. Alipita kati yao bila kuhisi ardhi. Inspekta Nzai na Koplo Iddi walimngoja upande wa pili wa njia, kando ya Landrova, mbali na masikio ya watu. Mbodze alisimama mbele yao akatoa majibu yote kama alivyopewa, moja baada ya jingine, macho yake kwenye vidole vya miguu. Alipofika kwenye Abdulkadir, Inspekta alimwinulia mkono asite, akamwomba arudie.

"Yuko kwao Kwale, anakula na kulala," Mbodze akarudia.

Inspekta alitia mkono mfukoni bila kutoa kitu. Kisha akamwuliza kama kuna jambo jingine. Mbodze akatikisa kichwa. Inspekta akaendelea kumngoja tu, kama mtu anayengoja chungu kitokote, mpaka ikawa taabu kwa Mbodze kunyamaza kuliko kusema. Akaeleza marahaba ya pili. Alieleza kwa mnong'ono, hata pazia lililopumua.

Koplo Iddi aliguna, akasoma kitu kimoyomoyo. Alisema nyumba isomewe, na mtoto huyu atafutiwe kombe, maji ya aya za Kurani, anywe. Mambo ya mizimu si kazi ya polisi, na hata yangekuwa, cheo chake hakifiki huko.

"Sauti ilikuwa ya nani?" Inspekta akauliza.

"Ya mwanamume."

"Unaijua?"

Mbodze akarudisha macho kwenye vidole vya miguu.

"Kaka yako kesho anakwenda Mombasa," Inspekta akasema bila ukali. "Mtu yeyote atakayesikia habari hii atasema umeitunga. Mimi pia nitasema hivyo, kama huna kingine."

Ndipo Mbodze akaeleza kamba za kitanda: nani aliziwamba, zilikazwa vipi, na zimebonyea wapi na wapi. Inspekta alimsikiliza mpaka mwisho. Akamgeukia Koplo.

"Iddi, mzimu una uzito?"

"Hauna, afande."

"Basi mzimu haubonyezi kamba."

Alizunguka Landrova, akarudi, akaegemea boneti. Kuanzia hapo alisema kama mtu anayejisemea mwenyewe, lakini Mbodze aliona kwamba kila neno anampimia Koplo aone kama lina ufa. Alikuwa amezungumza kwa simu na polisi wa kule, wakamwambia kwamba mtu waliyetaka kumhoji, Abdulkadir, hayupo, amekwenda Kwale. Mkewe ndiye aliyesema hivyo, na hakuwa na wasiwasi, kwa kuwa mumewe huja huku kila mara na kukaa. Inspekta aliridhika. Akasema, vyema, amekuja kwetu, tutamwona. Halafu huku kila aliyemwuliza alimjibu kwamba Abdulkadir yuko Kwale, kwao. Akaridhika tena.

"Huku wanasema yuko Kwale. Kule wanasema yuko Kwale. Wote ni wakweli," akasema. "Kila mji umemlaza kwenye mji wa pili. Je, wewe Koplo, umemwona Abdulkadir tangu Idi?"

Koplo Iddi alifungua kinywa, akakifunga. Mzaha wote ulikuwa umemtoka.

"La ilaha illa Llah," akasema. "Wamemzika jirani yao wenyewe, wakamwita mgeni."

Mbodze alisikia baridi jua likimchoma. Alifikiri juu ya watu wa Kwale ile wakisimama juu ya kaburi, wakimwombea Mwinyihaji rehema, na yule wa ndani akiwasikia wakikosea jina lake wala hana la kufanya.

Inspekta alimalizia upesi. Kama Mwinyihaji amemuua mwenzake kwa ugomvi wa lori, yeye ndiye angetafutwa wa kwanza. Isipokuwa kama naye ni marehemu. Basi akamvika maiti koti lake, akamtupa kwenye mikoko, akarudi kwa njia za msituni. Mtu wa kubebeshwa alikwisha kujitoa mwenyewe, mbele ya wanywa chai wa Lunga Lunga.

"Twende tukamtoe, afande," Koplo akasema, lakini miguu yake haikusogea. Kisha akasema yaliyomzuia. Ule ni mlango wa kizuka. Wakiuvunja na wasikute mtu, wazee wale wa barazani hawatawasamehe askari wala wajukuu wao. Bendera haina miezi minne tangu ipandishwe, na tayari itasemwa kwamba serikali ya Nzai imemvua kizuka shuka.

Inspekta alikubali. Hakutaka kuingia, alitaka mtu wa ndani atoke mwenyewe. Akamwita Mbodze karibu, akamwambia la kufanya. Aende tena chumbani, amwambie Bimkubwa kwamba Abdulkadir amefika Boma sasa hivi, na kwamba yuko njiani kuja kutoa pole. Maneno hayo tu. Wao watakuwa ukumbini, nyuma ya mlango, na askari mwingine atasimama upande wa msitu, kwenye dirisha.

"Kama kule ndani hakuna anayejua kwamba Abdulkadir amekufa," akasema, "hakuna litakalotokea, nami nitakuomba radhi. Utaweza?"

Mbodze hakuweza. Mbali na lile neno la woga mbele ya Bimkubwa, hakuwahi kumdanganya mtu mzima hata siku moja, na mwili wake wote ulikataa kurudi kwenye kile chumba. Alitazama upande wa Boma, kwenye kidirisha cha mahabusu chenye nondo. Halafu akavua ndara.

Safari hii hakuthubutu kuamkia. Alirudisha mlango nyuma yake, akabaki ameuegemea, komeo likimchoma mgongoni. Bimkubwa alikuwa amesimama. Pazia lilikuwa limetulia tuli, kama kwamba nyuma yake kuna ukuta.

"Umesahau nini?" Bimkubwa akauliza.

"Nimetumwa, mama." Sauti ilikwama. Akameza mate, akaivuta kama anavyovuta mtu ndoo kutoka kisima kirefu, na ilipotoka ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Abdulkadir amefika. Yuko Boma. Anakuja hapa kukupa pole."

Uso wa Bimkubwa ulibadilika rangi. Kwa mara ya kwanza alilitazama pazia. Akamshika Mbodze mabega na kumwuliza kwa mnong'ono Abdulkadir amekuja na nani, na kama ana silaha. Akasema aambiwe nyumba haina mtu wa kumpokea, azuiwe njiani, azuiwe kwa lolote. Mbodze akaona kwamba mwanamke huyu hajui. Anamwogopa Abdulkadir kama mtu aliye hai.

"Hawezi kuja."

Sauti ilitoka nyuma ya pazia. Safari hii haikukatika.

"Nyamaza," Bimkubwa akasema bila kugeuka. "Nyamaza, atakusikia mtoto."

"Nakwambia hawezi kuja! Huyu mtoto mwongo, ametumwa."

Bimkubwa akayaachia mabega ya Mbodze. Akageuka polepole, shuka ikimteleza kichwani, zikaonekana nywele zake zilizoanza mvi.

"Uliniambia anakutafuta akuue," akasema. "Uliniambia yuko na watu, anakusaka Kwale zote mbili. Ndiyo maana nimekaa eda ya mtu aliye hai. Nimewadanganya wanawake wenzangu, nimemdanganya na Mungu. Kwa nini hawezi kuja?"

Akapiga hatua moja kulielekea pazia.

"Mwinyihaji. Kwa nini hawezi kuja?"

Pazia likasukumwa. Mbodze alimwona marehemu. Ndevu zilikuwa zimemwota ovyo, ngozi imefifia kwa kukosa jua, na kiunoni amejifunga leso ya mkewe. Mkononi alikuwa na kisu cha kuchinjia. Hakumtazama mkewe. Alivuka chumba kwa hatua kubwa, akamkamata Mbodze mkono, akamvuta, na ubaridi wa kisu ukamgusa chini ya sikio. Alimwambia kwa sauti ya taratibu, sauti ya mtu anayepanga safari, kwamba watatoka pamoja kwa mlango wa uani mpaka msituni, na akilia tu, basi.

Mbodze hakulia. Hakuwa na pumzi ya kulia. Moyo ulimdunda masikioni, akawa hasikii kingine. Aliona mdomo wa Bimkubwa ukicheza, asijue anasema nini. Kisha akamwona akishika ile shuka nyeupe kwa mikono miwili, akiivua kichwani na mabegani kama mtu anayevua nguo iliyolowa, na kuikunja juu ya mkono. Bimkubwa akaenda mlangoni. Mumewe alimwita kwa jina, mara moja. Akaufungua mlango wote.

"Ingieni," akawaambia wanaume waliokuwa ukumbini. "Mimi sina eda."

Wazee wa barazani waliosogea kusikiliza waligeuza nyuso ukutani, kwa mazoea ya maisha yao yote. Hata Koplo Iddi alisita nusu hatua. Inspekta Nzai hakusita. Aliingia mikono mitupu, akisema na Mwinyihaji kwa ile sauti yake ndogo, akimwambia kwamba dirishani kuna bunduki na kwamba damu ya binti huyu haitamfikisha popote. Mwinyihaji alitazama dirisha. Alitazama mlango, na wazee wa ukoo wake waliompa visogo. Mkono ukamlegea. Kisu kilianguka juu ya mkeka, na Mbodze akajichomoa mkononi mwake.

Walimfunga pingu palepale kando ya kitanda. Inspekta alimwuliza nani aliyelala kwenye kaburi la Kwale ya kule. Mwinyihaji alikuwa anatazama chini, akijaribu kukaza ile leso kiunoni kwa mikono iliyofungwa.

Aliyesema ni Bimkubwa. "Kule kuna mwanamke anapika kila siku akimngoja mumewe arudi kutoka kwetu." Akampa Inspekta shuka iliyokunjwa. "Hii si yangu. Mpelekeeni mwenyewe."

Inspekta aliipokea kwa mikono miwili.

Jua lilikuwa bado juu walipofika Boma. Inspekta alimruhusu Mbodze aingie mpaka mahabusu, akafungua mlango kwa ufunguo wake mwenyewe, kisha akatoka nje akawaacha. Kombe alikuwa amekonda. Alimshika dada yake kichwa, akamkagua shingo mahali kisu kilipogusa, akamwuliza kama ameumia, na kabla hajajibiwa akaanza kusema bila kituo, kama mtu aliyenyimwa maneno muda mrefu. Alisema usiku ule hakuweza kula wala kunena kwa sababu hakuwahi kupigwa kofi mbele ya watu, na alikuwa amelia njia nzima, naye hakutaka dada yake ayaone macho yake. Alisema hapa ndani askari walimwambia kila siku kwamba mji wote umekwisha kumhukumu.

Akacheka kidogo, akajifuta pua kwa mkono.

"Nikawaambia, na waamini wapendavyo. Yuko mmoja Kwale hii asiyeamini, nami huyo mmoja ananitosha. Si kweli, Mbodze?"

Mbodze aliinamisha kichwa, kama alivyoinamisha kwa majirani. Nje, Koplo Iddi alikuwa akimwita mtu afungue lango. Ilikuwa rahisi kunyamaza. Kaka yake angeondoka na kimya kile, akakichukulia kuwa ni jibu.

Akainua uso.

"Mimi niliamini, kaka," akasema, na sauti haikukwama. "Tangu usiku ule uliokaa uani. Niliamini kwamba umemuua."